Jiwe Mlangoni mwa Pango

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi akaificha ndani yake dhahabu na almasi, akawaweka juu yake waja wanaohitajiana. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ambaye katika ujana wake aliwachunga mbuzi na kondoo wa watu wa Makka kwa ujira, akalijua kwa mwili wake mwenyewe jua linavyompiga mtu aliyeajiriwa. Ama baada ya haya.

Wazee wangu na ndugu zangu wa Songwa, nanyi mama zetu mlioko nyuma ya pazia, kiko kisa ambacho wengi wenu mmekisikia tangu chuoni, nacho kimepokewa na Imam Bukhari na Imam Muslim kutoka kwa Abdullahi bin Omar, radhi za Mungu ziwe juu yake na juu ya baba yake. Watu watatu wa umma uliotangulia walikuwa safarini, wakaingia pangoni kujihifadhi, na jiwe kubwa likaporomoka kutoka mlimani likauziba mlango. Walipokwisha kujua kwamba hakuna mkono wa mwanadamu utakaoliondosha, kila mmoja akamwomba Mola wake kwa amali moja aliyoitenda kwa ajili Yake peke Yake. Wa kwanza akataja alivyosimama usiku kucha na chombo cha maziwa mkononi, akingoja wazazi wake wazee waamke, na hali watoto wake wanalia njaa miguuni pake. Jiwe likasogea, lakini hawakuweza kutoka. Wa pili akataja zinaa aliyokuwa na uwezo wa kuitenda, akaiacha kwa kumcha Mungu. Jiwe likasogea tena, na bado mwanya haukutosha. Wa tatu hakutaja sala wala saumu. Alitaja kwamba aliwaajiri wafanyakazi, akawalipa wote ila mmoja aliyekwenda zake bila ya kuchukua ujira wake; naye ujira ule akauzalisha hata ukawa mali nyingi, ngamia na ng'ombe na kondoo, na mwenyewe aliporejea baada ya muda mrefu kuudai, akaonyeshwa kundi zima na kuambiwa kwamba kila akionacho ni chake. Yule mtu akadhani anafanyiwa mzaha, kisha alipoamini akaviswaga vyote asiache hata kimoja. Hapo ndipo jiwe lilipoondoka, wakatoka wakitembea kwa miguu yao.

Mimi kwa miaka mingi nilikisomesha kisa hiki kuwa ni kisa cha ikhlasi, nacho kweli ni cha ikhlasi. Lakini tangu nilipokaa huku katika nchi ya mashimo ndipo nilipotanabahi kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwasimulia masahaba wake habari ya watu waliofukiwa hai chini ya mwamba, na amali iliyoufungua mwamba huo kwa mara ya mwisho ikawa ni haki ya mfanyakazi iliyotunzwa hata mwenyewe alipokuwa hayupo kuidai.

Sisi wa mkoa huu hatuna haja ya kufasiriwa maana ya mwamba kumfunika mtu. Mwezi wa Oktoba mwaka 2015, katika machimbo ya Nyangarata huko Kahama, shimo lilititia likawaziba wachimbaji chini ya ardhi, watu wakakata tamaa, matanga yakakaliwa na kuanuliwa. Na baada ya siku 41, mnamo tarehe 15 Novemba, wachimbaji wenzao wakasikia sauti chini, wakachimbua wakawatoa watano wakiwa hai, waliokuwa wakiishi kwa mizizi na mende na vyura na maji yaliyodondoka gizani. Aliyewahifadhi ni Mwenyezi Mungu. Na mwezi wa Januari 2017, huko Nyarugusu mkoani Geita, watu 15 walifukiwa katika mgodi wa kampuni ya RZ Union, wakapelekewa hewa na chakula kwa bomba, na baada ya siku kama tatu wakatolewa wote wazima. Hizi ni neema ambazo tunashukuru kwazo. Lakini mwezi wa Aprili wa mwaka ule ule wa 2015, huko Kalole, mvua iliangusha kuta za mashimo ikawaua watu 19; na Januari 2024, jirani zetu wa Bariadi waliwazika watu 22 waliofukiwa katika machimbo ya Ng'alita. Na hao ni wale waliokufa wengi kwa pamoja hata redio ikawataja. Anayekufa peke yake katika duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, la watu wanne, usiku, kwa kamba iliyokatika au kwa hewa chafu ya kompresa iliyozimika, habari yake haivuki kijiji.

Nimehudhuria mazishi mengi ya namna hii, na kila mara, baada ya udongo kumwagwa na talkini kusomwa, hutoka neno moja lile lile, aghalabu kinywani mwa yule mwenye duara au msimamizi wake: siku yake ilikuwa imefika, kazi ya Mungu haina makosa. Neno hilo ni haki, wala hapana Mwislamu anayeweza kulikanusha, kwa kuwa kuamini kadari, kheri yake na shari yake, ni nguzo ya imani. Walakini ninawaomba mlipime kwa mizani ya Sayidna Omar. Alipokuwa akienda Sham akafika mahali paitwapo Sargh, akapata habari kwamba tauni imekwisha kuingia huko, akashauriana na watu, akakata shauri kurejea Madina. Na Abu Ubaida bin Al-Jarrah, ambaye ni mmoja katika wale kumi waliobashiriwa Pepo, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Omar akamjibu kwamba naam, anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu, akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia aliyeteremka katika bonde lenye ng'ambo mbili, moja ina majani na moja ni kame: akiwalisha penye majani si kwa kadari, na akiwalisha penye ukame si kwa kadari vile vile?

Basi matimba yanayoshikilia paa la shimo nayo ni kadari. Kofia ngumu ni kadari, kamba mpya ni kadari, na kuwazuia watu wasiteremke siku mbili baada ya mvua kubwa ni kadari. Mwenye duara aliyezikimbia hizo zote kwa kuogopa gharama, akachagua ng'ambo kame ya bonde akawaswaga watoto wa watu humo, hana ruhusa ya kusimama kaburini akamsingizia Mungu uchaguzi ulio wake. Kumwamini Mungu katika jambo lililokwisha kutokea ni ibada. Kumtaja Mungu ili mtu asiulizwe alichokifanya kabla halijatokea ni jambo jingine kabisa, na mimi sioni jina la kuliita ila dhulma iliyovikwa kanzu.

Na wako miongoni mwa wenye migodi waliosoma kidogo, ambao hujibu kwa Hadithi, nayo ni Hadithi sahihi iliyomo katika vitabu viwili vya Bukhari na Muslim, ambamo Mtume alisema kwa maana ya kwamba jeraha la mnyama halina fidia, na kisima hakina fidia, na mgodi hauna fidia, na katika hazina iliyozikwa ni khumsi, yaani moja ya tano. Nimeulizwa habari ya Hadithi hii zaidi ya mara moja, hata mara moja katika gari la abiria nikitoka Kahama, na muulizaji alikuwa na furaha ya mtu aliyekwisha kushinda kesi. Nataka kuieleza kwa urefu, kwa kuwa elimu nusu katika jambo hili inakula damu za watu.

Wanavyuoni walioisherehesha, na katika hao Imam Nawawi ambaye sisi wafuasi wa madhehebu ya Shafi tunamtegemea, wamesema kwamba hukumu hii ni ya mtu aliyechimba mahali alipo na haki ya kuchimba, bila ya kuvuka mpaka, kisha likatokea la kutokea pasipo kosa lake: mpita njia akatumbukia, au ardhi ikamwangukia mchimbaji aliyekodiwa. Kwa hivyo mtu akichimba katika njia ya watu, au katika ardhi ya mwingine bila ya idhini, kinga hiyo haimhusu tena, na dhamana inamrudia. Msingi ni huo: kinga ni ya asiyevuka mpaka. Seuze leo, ambapo mpaka umekwisha kuandikwa na kutangazwa, na kila mwenye leseni amepewa masharti yake, na wakaguzi wa madini wamepita wakakataza shimo fulani lisiingiwe mpaka litiwe matimba, naye akangoja gari la wakaguzi liondoke akawateremsha watu usiku. Huyo ataisomaje Hadithi ya asiyekosa?

Kisha linganisheni na hukumu ya Sayidna Ali alipopelekwa Yemen, ambayo Imam Ahmad ameipokea. Watu walichimba shimo la kumnasia simba. Simba aliponaswa, watu wakasongamana ukingoni kumtazama, mmoja akateleza akamshika mwenziwe, naye akamshika wa tatu, na wa tatu wa nne, wote wakaanguka, simba akawajeruhi wakafa. Jamaa zao wakakaribia kupigana kwa silaha. Ali hakuwaambia kwamba siku zao zimefika waende wakazike. Alikaa akapima nani alivutwa na nani alivuta, akaamrisha dia, yaani fidia ya damu, ikusanywe kutoka kwa wale waliokuwa wakisukumana ukingoni, akaigawa kwa robo na thuluthi na nusu na kamili. Na habari ilipofikishwa kwa Mtume, akaipitisha. Shimoni mle mle, kifo kile kile cha ghafla, na bado walio hai juu ya ukingo waliulizwa walikuwa wakifanya nini.

Na liko jambo la tatu ambalo kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote, nalo ni kwamba Waislamu hufungwa na masharti waliyoyakubali. Serikali inapoweka sheria kwamba kila anayeajiri mtu Tanzania Bara achangie mfuko utakaomlipa mfanyakazi akiumia, sharti hilo linaingia katika kila mkataba wa ijara, ukiandikwa au usiandikwe, na fidia inakuwa ni sehemu ya ujira: ni ujira uliowekwa akiba, ambao mfanyakazi anaomba usiku na mchana asije akauhitaji. Mwenye kuuzuia amezuia ujira. Na mnajua kwamba katika wale watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, kama alivyopokea Bukhari, mmoja ni aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kamili, asimpe haki yake.

Sheria yenyewe ina historia, na historia hiyo inafaa kujulikana. Wajerumani kwao walitunga sheria ya bima ya ajali za kazini mwaka 1884, mwaka ule ule ambao Karl Peters alikuwa akizunguka Usagara na makaratasi yake. Lakini hayo hayakuwa ya mbeba mizigo wa Kisukuma. Waingereza walituwekea sheria ya fidia mwaka 1949, wakati ambapo hapa jirani Mwadui, mahali Daktari Williamson alipoigundua almasi mwaka 1940, maelfu ya watu walikuwa wamekwisha kuajiriwa. Sheria ile ilizeeka pasipo kufanyiwa ukarabati wa maana, hata viwango vyake vikawa ni aibu: mtu aliyepata ulemavu wa kudumu hakuzidi shilingi 108,000, na aliyekufa warithi wake hawakuzidi shilingi 83,000, na thamani ya shilingi ilikuwa imeanguka chini kuliko mashimo yetu. Ndipo ikatungwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, namba 20 ya mwaka 2008, na Mfuko wake ukaanza kukusanya michango mwaka 2015 na kulipa mafao mwaka 2016. Anayechangia ni mwajiri peke yake, na leo ni nusu ya asilimia moja ya mishahara anayolipa. Hana ruhusa ya kumkata mfanyakazi hata senti.

Atakayeumia kazini, au akapata maradhi yaliyotokana na kazi, kama vile mapafu yaliyoharibiwa na vumbi la mawe, ana haki ya matibabu, na ya asilimia 70 ya ujira wake kwa muda ambao hawezi kufanya kazi, mpaka miezi 24. Akibaki na kilema cha kudumu hulipwa kwa kadiri ya kilema, ama kwa mkupuo ama kwa pensheni ya kila mwezi. Na akifa, yako malipo ya mazishi, na wajane na watoto wake wana pensheni. Wala halitangulizwi swali la nani mwenye kosa. Mkinitaka niwatajie mfano wake katika fikihi, nitawatajia akila, yaani ule ukoo ambao mtu akiua kwa kukosea hukusanyiana dia, kila mmoja kidogo kidogo, ili warithi wa aliyekufa wasiikose haki na yule aliyekosea asifilisike. Mfuko huu ni akila ya waajiri wa nchi nzima, na anayejitoa katika akila huku akitumai wengine watambebea ni mtu asiye na muruwa.

Sasa nije kwenye jambo linaloniumiza. Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja wa hapa hapa, niliyemfundisha Juzuu Amma, alikwenda kufanya kazi ya karasha, mashine ya kusagia mawe, katika machimbo fulani ya Geita, na mkanda wa mashine, ambao haukuwa na kikingio, ukamvuta mkono wa kulia. Alikatwa mkono chini kidogo ya kiwiko. Tajiri wake, ambaye simtaji wala simfichi kwa Mola wake, alikuja mwenyewe kwa gari mpaka nyumbani kwa mzee wa kijana, akaleta mbuzi, na gunia la mchele, na sukari, na bahasha. Akakaa mkekani, akalia machozi ya kweli, akataka isomwe fatiha, nami ndiye niliyeisoma. Sisi wote tukamsifu. Tulisema ni mtu muungwana, kwa kuwa wengi hawaji kabisa. Na wala hapana aliyeuliza kama amepeleka taarifa, wala kama jina la kijana liko katika daftari lolote. Na mimi, niliyekuwa na kitabu mkononi, nilikuwa wa kwanza kutouliza. Mwaka ukapita, na muda wa kudai ukapita nao. Kijana huyo leo anachunga ng'ombe wa watu kwa mkono wa kushoto, na kila nimwonapo ile fatiha inarudi kooni mwangu.

Enyi wenye mali, rambirambi ni sadaka, na sadaka hailipi deni. Mtu mwenye deni la shilingi milioni kumi akimpelekea mdai wake mbuzi, kadhi yeyote atasema mbuzi ni zawadi na deni liko pale pale. Kwa nini basi tunapofika kwenye viungo vya maskini tunayachanganya haya mawili? Bahasha hutolewa kwa hiari, kwa kiasi apendacho mtoaji, naye hushukuriwa. Haki hutolewa kwa lazima, kwa kiasi kilichokadiriwa, na mpokeaji hawi mtumwa wa shukrani. Tena nimeona bahasha zinazotolewa kwa sharti la kutia dole gumba kwenye karatasi isiyosomwa. Msiba ukiwa mbichi, msitie dole kwenye karatasi yoyote.

Najua jibu linalosemwa katika maduara, kwamba sisi hatuna wafanyakazi, tuna wabia: mwanaapolo, yaani mchimbaji wa shimoni, halipwi mshahara, anagawiwa viroba vya mawe, akipata amepata, akikosa tumekosa wote. Ubia ni jambo la halali na la baraka, lakini ubia una masharti. Mbia huiona hesabu, hujua mawe yametoa gramu ngapi, huulizwa shauri kama shimo liendelee au lisimame. Huyu kijana anayeambiwa saa ya kuteremka na saa ya kupanda, anayetumia nyundo na tindo za mwenye duara, anayekula ugali wa mwenye duara kisha ukakatwa katika mgao wake, anayepekuliwa mifukoni anapotoka, ubia wake uko wapi? Ujira usiojulikana kiasi chake umekatazwa na wanavyuoni kwa sababu ya gharari, yaani utata, iliyomo. Basi mwajiri ameacha kuutaja ujira ili asiitwe mwajiri, akaongeza kosa juu ya kosa. Nayo Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 imekwisha kuuona ujanja huu: mtu ambaye kazi yake inaamrishwa na mwingine, au saa zake zinapangwa na mwingine, au anatumia zana za mwingine, au anamtegemea huyo mmoja kwa riziki yake, huchukuliwa kuwa ni mwajiriwa hata lithibitishwe lililo kinyume, na likiwapo moja tu katika hayo linatosha. Penye mzozo kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Nanyi vijana mnaopanda magari kwenda Kahama na Msalala na Nyarugusu, sitawaacha bila neno. Nafsi ni amana, na Qurani imetukataza kujitupa kwa mikono yetu wenyewe katika maangamizi. Kijana anayeteremka shimo lililotoa ufa kwa sababu wenzake watamcheka, au anayechoma zebaki ndani ya chumba anacholala mkewe na mtoto mchanga, hatajibu kesho kwamba alikuwa akitafuta halali. Kazi ya mikono ni tukufu, na Nabii Daudi alikula jasho la mkono wake. Wala Nabii Daudi hakuagizwa kuvaa chuma kwa ajili ya pambo. Aliagizwa atengeneze deraya kamili, zenye kumlinda mtu mwili wake.

Na acheni kutumia majina ya utani peke yake. Wazee wetu waliofanya kazi Mwadui walikuwa na namba na kitambulisho. Watoto wao shimoni wana lakabu tu, na siku shimo linapoporomoka hapana anayejua lakabu ile ni ya nani, wa kijiji gani, mwana wa nani, hata maiti huzikwa na jina lisilo lake, na mjane aliyeko hapa Songwa akangoja simu. Usiteremke kabla jina lako kamili, na la baba yako, na la kijiji chako, halijaandikwa na mtu mwenye dhamana. Aya ndefu kuliko zote katika Qurani inahusu nini? Inahusu kuandika deni.

Mama zangu, hili ni lenu. Mwenye kuumia au jamaa zake wampe mwajiri habari mapema iwezekanavyo, na mwajiri ana siku saba za kuufikishia Mfuko taarifa. Na madai yenyewe yasipite miezi kumi na miwili tangu ajali. Nimeona wajane walioambiwa na mashemeji kwamba wako eda, hawatoki, na mambo ya ofisini ni ya wanaume. Miezi minne na siku kumi ikapita, kisha ikaja arobaini ya huyu na harusi ya yule, muda ukaisha, na kama fedha zilitoka, zilitoka kwa mkono mwingine. Wanavyuoni wetu wamemruhusu mjane aliye katika eda kutoka mchana kwa haja yake, arudi alale nyumbani kwake. Kudai haki ya mayatima ni haja, na haja iliyo kubwa. Anayemzuia akatafute dalili yake. Tena wekeni vyeti: cheti cha ndoa, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Ndoa nyingi hapa tumezifungisha kwa mashahidi na mahari, tukala pilau, tukasahau karatasi. Mbele ya Mungu ndoa ni sahihi, lakini ofisini mke wa pili asiye na cheti husimama kama mgeni. Kosa hili ni letu sisi tunaofungisha, na kuanzia wiki hii sitafungisha ndoa katika msikiti huu bila ya cheti kuandikwa siku hiyo hiyo.

Nimenunua daftari kubwa, nalo nimeliweka kando ya mihrabu. Kila Jumamosi baada ya Alasiri watakuwapo vijana wawili wa sekondari wanaojua kuandika vizuri, na yeyote aliye na mtu shimoni au kwenye karasha, au mtambo wowote, ataandikwa humo: jina kamili la aliyeko kazini, mahali, jina la anayemwajiri, na namba ya simu, na aliyekwisha kuumia ndani ya mwaka huu aje na karatasi zake za hospitali, tumwandikie barua ya madai pamoja. Wako miongoni mwenu leo, katika safu hizi, wenye maduara watatu ninaowajua, na labda wengine nisiowajua. Sitawatazama ninapolisema hili. Kurasa za mwanzo za daftari nimeziacha wazi kwa ajili yenu, ili nyinyi ndio mtangulie kuandika majina ya watu wenu, kabla mama zao hawajaja kuwaandikisha.

Ewe Mola wetu, waliomo chini ya ardhi saa hii, wapandishe salama jioni.